Friji Haigandishi? Pitia Hatua Hizi Kabla ya Kukubali Kuongezewa Gesi

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, friji yangu imeisha gesi." Mwenye friji anataja dawa kabla hajaeleza ugonjwa, na akikutana na fundi mwenye haraka, gesi itaongezwa kweli, kisha baada ya wiki tatu watapigiana simu tena.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote. Kompresa inaisukuma, kondensa ya nyuma au ya ubavuni inatoa joto lake nje na kuigeuza kimiminika, inapenya kwenye mrija mwembamba, inachemka ndani ya koili ya baridi huku ikibeba joto la vitu ulivyoweka ndani, halafu inarudi kwenye kompresa. Friji isiyovuja inaweza kumaliza miaka 20 na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali pametoboka. Ndiyo maana kwangu gesi ni kitu cha mwisho kushuku.

Kabla ya kugusa chochote: ukitaka kufungua kifuniko chochote, chomoa plagi, usizime swichi tu. Tazama pia kibandiko kilicho ubavuni ndani ya friji au kwenye kompresa. Kikisema R134a, gesi hiyo haiwaki kirahisi. Kikisema R600a, hiyo ni isobutani, gesi inayowaka. Kukagua umeme na mlango unaweza bila wasiwasi, lakini moto wa kuchomelea usikaribie mabomba hayo mikononi mwa mtu asiyejua anachofanya.

Hatua ya 1: Umeme

Fungua mlango utazame taa. Isipowaka, chomeka kifaa kingine kwenye soketi hiyohiyo. Friji ngapi nimezikuta "zimekufa" kumbe soketi imeungua! Taa ikiwaka kwa unyonge, pima volti. Friji ya volti 220 hadi 240 ikipewa 180 hivi, taa itawaka lakini kompresa nyingi zitashindwa kuanza. Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea umeme nao huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo ondoa waya huo uchomeke friji moja kwa moja ukutani.

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, usiharakishe kuwasha. Ngoja dakika 5. Kompresa ikisimama ghafla, upande mmoja wa mfumo unabaki na mgandamizo mkubwa na mwingine mdogo, na mota haina nguvu ya kuanza dhidi ya tofauti hiyo. Dakika hizo zinaipa gesi nafasi ya kujisawazisha.

Hakikisha pia kitufe cha kurekebisha baridi hakijazungushwa hadi 0 na mtu aliyekuwa akisafisha. Kwenye friji nyingi zenye kitufe cha namba, namba kubwa ni baridi zaidi.

Hatua ya 2: Pima baridi, usikisie kwa mkono

Mkono hudanganya, na hewa ya ndani ya friji hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iweke rafu ya katikati, iache usiku kucha. Asubuhi soma. Nyuzijoto 3 hadi 5 ni sawa kabisa. Friza inatakiwa kuwa karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiwa umetoka kujaza vitu vingi vyenye joto, ipe saa 24 kabla hujasema ina tatizo.

Hatua ya 3: Je, friji inapumua?

Joto linalotolewa ndani lazima liende mahali. Kama friji imebanwa ukutani, au kondensa ya nyuma imevaa blanketi la vumbi, joto linarudi lilikotoka na kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Vuta friji mbele, chomoa plagi, safisha kwa brashi laini, kisha uache nafasi kama ya kiganja nyuma yake. Kwenye kibandiko tafuta pia herufi za tabaka la hali ya hewa. N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya N ikiwekwa kwenye chumba cha nyuzi 40 itahangaika hata ikiwa mpya.

Ubavu wa friji ukiwa wa moto, usishtuke. Friji nyingi zina mabomba ya kondensa ndani ya kuta, na bomba jingine huzunguka fremu ya mlango ili isitoe jasho. Kutafuta joto hilo ni sehemu ya uchunguzi, na nitalirudia kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Mpira wa mlango

Bana karatasi kati ya mpira na fremu, funga mlango, vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, hapo hewa inaingia. Rudia kila baada ya sentimita kumi, hasa kwenye kona za upande wa bawaba. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mara nyingi ni uchafu tu. Uliokunjamana, upashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, uunyooshe, ufunge mlango hadi upoe. Ukiwa umepasuka, nunua mwingine. Inua pia miguu ya mbele kidogo, mlango ujifunge wenyewe.

Hatua ya 5: Friza inagandisha, chini pana joto

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo watu huuziwa gesi wasiyoihitaji. Kama friza bado inagandisha vizuri, mfumo wa gesi kwa kawaida ni mzima. Kinachokwama ni hewa.

Kwenye friji zisizojaza barafu, koili ya baridi imefichwa nyuma ya ukuta wa friza. Feni inavuta hewa kupitia koili hiyo na kuisukuma sehemu ya chini. Unyevu hugandia kwenye koili, kwa hiyo mara kadhaa kwa siku hita huwaka kwa muda mfupi kuuyeyusha. Hita isipowaka, barafu hujijenga siku baada ya siku mpaka koili inakuwa jiwe moja jeupe, na hewa haipiti tena. Friza inabaki na baridi kwa kuwa iko karibu. Maziwa ya chini yanaharibika.

Anza na feni. Fungua friza, bonyeza swichi ya mlango kwa kidole ili friji idhani mlango umefungwa, usikilize. Ikiwa kompresa inanguruma na feni iko kimya, ama mota ya feni imekufa ama barafu imeshika mapanga yake.

Kisha yeyusha kila kitu. Chomoa plagi, toa vitu, acha milango wazi saa 24, weka matambara chini. Nakusihi, usichokonoe barafu kwa kisu. Koili ni ya alumini laini. Pigo moja dogo linatoboa, na hapo ndipo friji iliyokuwa na tatizo dogo la hita inageuka kuwa friji isiyo na gesi. Nimewahi kulitafuta tundu la namna hiyo nusu siku, jembamba kama la sindano, na mwenye friji alikumbuka kisu baadaye sana.

Washa tena. Ikifanya kazi vizuri kwa wiki moja au mbili kisha joto likarudi chini, umepata jibu: mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua ukuta wa friza na upime hita kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Hita nzima inaonyesha namba ya omu, yaani ukinzani wa umeme. Isiyoonyesha kitu imekatika.

Karibu na koili utaona kifaa kidogo cha duara chenye nyaya mbili, bimetali, ambayo ni swichi ya hita inayofuata joto. Mafundi wengi wanaoanza huipima ikiwa na joto la chumbani, wanaona imekatika, wanaitupa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa! Bimetali hupitisha umeme ikiwa baridi tu. Iweke ndani ya friza nyingine inayogandisha kwa nusu saa kisha upime. Isipopitisha umeme hata ikiwa imeganda, hapo badilisha. Friji za zamani zina taima pia, saa inayoamua lini hita iwake. Ingiza bisibisi kwenye shimo lake uzungushe polepole hadi ipige "tak": kompresa inapaswa kuzima na hita kuanza kupata joto. Friji mpya hutumia sensa na bodi ya umeme badala ya hivyo viwili.

Hatua ya 6: Maji

Maji yakituama chini ya droo za mboga, tundu la kutolea maji lililo nyuma, chini ya ukuta wa ndani, limeziba. Mwagia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, penyeza waya laini uliofunikwa plastiki. Yakitoka sakafuni, angalia trei iliyo juu ya kompresa kama imepasuka.

Hatua ya 7: "Tik", kisha kimya

Sauti ya "tik", mngurumo wa sekunde chache, "tik" tena, kisha kimya kwa dakika kadhaa. Hiyo ni ovalodi, swichi ya kuilinda kompresa, inaikatia umeme kwa sababu mota inashindwa kuanza. Ikiwa volti ni nzuri, chomoa plagi, fungua kiboksi kilicho ubavuni mwa kompresa, toa relei (kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza), itikise karibu na sikio. Ikilia kama njugu, kidonge cha ndani kimevunjika. Badilisha relei, na mara nyingi friji inaamka.

Isipoamka, pima pini tatu za kompresa. Omu za jozi mbili zenye kipimo kidogo, ukizijumlisha, zinapaswa kukaribia za jozi ya tatu: kwa mfano 12 na 18 zitoe 30. Jozi mojawapo ikiwa imekatika, au pini yoyote ikigusana na ganda la chuma la kompresa, kompresa imekwisha. Kompresa za inveta, zinazobadilisha kasi, hazifuati hesabu hii. Jozi zote tatu huwa sawa, na bodi ya umeme ndiyo inayoziendesha, kwa hiyo usiziwashe kwa umeme wa moja kwa moja.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo gesi

Kompresa inaenda bila kusimama, feni inazunguka, mlango unabana, na bado hakuna baridi. Gusa kondensa: ni ya uvuguvugu hafifu au baridi kabisa. Tazama koili: imeganda kwenye inchi chache za mwanzo tu, kwingine kukavu. Hapo ndipo nasema gesi imepungua, au mrija mwembamba umeziba. Ikipoa, ikaacha, kisha ikapoa tena kila baada ya kuzimwa na kuyeyuka, kuna unyevu unaogandia mdomoni mwa mrija.

Kuchaji tu juu ya tundu ni kumwaga maji kwenye gunia. Tena kwenye R600a upande wa koili ya baridi hufanya kazi chini ya mgandamizo wa hewa ya nje, kwa hiyo tundu la upande huo linavuta hewa na unyevu kuingia ndani. Muulize fundi wako wazi: umepata wapi tundu? Utabadilisha filta, kichujio cha kunasa unyevu na uchafu? Utavuta vakyumu kwa pampu, yaani kutoa hewa na unyevu wote ndani ya mabomba? Utapima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko? Friji ndogo ya R600a huweza kubeba chini ya gramu 60, na kosa la gramu kumi linaharibu ugandishaji.

Akimaliza, asiondoke mara moja. Kaeni naye hadi mwone barafu nyembamba imeenea koili nzima kwa usawa na kondensa imepata joto kutoka juu hadi chini. Halafu usiku huo irudishe glasi ya maji na kipimajoto kwenye rafu ya katikati.