Kumuuguza nyumbani mgonjwa aliyepasuliwa kichwa baada ya ajali

Katika hospitali zetu za Uganda ni ndugu anayemlisha, kumwosha na kumgeuza mgonjwa, na siku ya kuruhusiwa kutoka Mulago au Mbarara ndugu huyo huyo hurudi na kazi yote nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka wodini, mwombe muuguzi akuoneshe kwa vitendo namna ya kumwinua, kumlisha na kutunza kidonda, kisha uulize kama mfupa wa fuvu uliotolewa wakati wa upasuaji umerudishwa. Usiporudishwa, pale ulipotolewa huwa laini na hubonyea, hivyo mgonjwa asilalie upande huo wala asitembee bila kofia ngumu na mtu wa kumshika.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, na ngozi ya visigino, nyonga na matako ikaguliwe kila siku. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, kwa kuwa bega lake huchomoka kwa urahisi.

Kulisha ndiko kunakohitaji subira kuliko yote. Mketishe wima, kidevu kikiinama kidogo, umpe uji mzito au matoke yaliyopondwa, nusu kijiko kwa mara moja, na usiongeze mpaka uone koromeo limepanda na kushuka. Maji matupu, ambayo wengi humkimbizia mgonjwa kwa huruma, ndiyo yanayopotea njia upesi na kuingia mapafuni. Akipaliwa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kumlisha na umrudishe apimwe umezaji. Akishashiba, akae wima nusu saa.

Dawa za kifafa alizoandikiwa zisikatishwe ghafla, hata akionekana mzima. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na utazame saa: kikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Vivyo hivyo akizidi kusinzia, akitapika mara kwa mara, akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au majimaji yasiyo na rangi, kama maji, yakimtoka puani au sikioni.

Hasira za ghafla na usahaulifu huwaumiza ndugu kuliko kupooza kwenyewe. Naomba mlielewe hili: ni jeraha la ubongo linalosema, si kiburi wala uchawi. Punguzeni wageni na kelele za redio, ratiba ya siku isibadilike, na awe na daftari la kuandikia mambo. Waragi, ile pombe kali, apigwe marufuku, na pikipiki asiiguse mpaka daktari aruhusu.

Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 6 ya kwanza, ingawa huendelea hata baada ya hapo, kwa hiyo mazoezi ya fiziotherapia yafanyike kila siku, hata zile siku ambazo hakuna nauli ya kwenda kliniki. Shati lake afunge vifungo mwenyewe, hata ikimchukua robo saa, nawe ukae karibu bila kumpokonya kazi hiyo.