Jinsi ya Kupima Usalama wa Tovuti Bila Kuidhuru

Kabla ya kugusa chochote, pata kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye tovuti. Tuseme ni tovuti ya SACCOS ambamo wanachama huangalia akiba na mikopo yao: uanachama haukupi ruhusa ya kuijaribu, na hata fundi aliyeijenga akaikabidhi anapaswa kuomba upya. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 yenye katazo hilohilo. Kibali kitaje anwani zitakazopimwa, siku na saa, aina ya majaribio yanayoruhusiwa, na simu ya mtu atakayepigiwa mambo yakiharibika. Kampuni inayohifadhi tovuti nayo ipewe taarifa, kwa kuwa seva moja mara nyingi hubeba tovuti za wateja wengi ambao hawajaridhia chochote.

Ukishapata kibali, usipime tovuti inayotumika. Omba nakala yake iwekwe kwenye seva ya pembeni, kisha uijaze wanachama wa kubuni, kwa sababu kuhamishia taarifa halisi za watu kwenye mazingira ya majaribio ni kufungua mwanya mwingine. Nasisitiza jambo hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii, niliingia kama msimamizi katika mfumo wa duka la mteja, nikaiachia programu ifuate viungo vyote ili iorodheshe kurasa zilizomo. Ikafuata pia viungo vya “Futa”, na ndani ya dakika chache orodha ya bidhaa ikawa tupu. Nakala ya akiba ya usiku uliotangulia ilituokoa, lakini oda za asubuhi ile hazikupatikana tena.

Kwa programu ya kuanzia, ZAP inatosha, nayo ni ya bure. Itumie kwanza kwa kutazama tu: wewe unatembelea kurasa kama kawaida, yenyewe inasoma yanayopita na kutaja kasoro kama vidakuzi visivyolindwa, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari ili imkumbuke mtumiaji. Uchunguzi wake wa kushambulia, unaotuma maombi mengi kwa mfululizo, ubaki kwenye nakala.

Hata hivyo, majibu ya programu yasikutosheleze. Katika orodha ya mwaka 2021 ya udhaifu mkubwa wa tovuti, inayotolewa na OWASP, shirika la kimataifa la usalama wa programu, nafasi ya kwanza ilishikwa na udhaifu wa kudhibiti nani aone nini, na programu peke yake ni vigumu kutambua kwamba salio linaloonekana ni la mtu mwingine. Fungua akaunti mbili za majaribio, ya Asha na ya Juma. Ingia kama Asha, fungua taarifa ya akiba, uitazame anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa inaishia na 1041, na ya Juma inaishia na 1042, badilisha tarakimu hiyo ya mwisho ukiwa bado ndani ya akaunti ya Asha. Salio la Juma likijitokeza, mwanya umeuona, na hapo ndipo pa kusimama. Usiendelee kufungua 1043 kwa udadisi.

Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, uandike neno “ng'ombe”. Lugha yetu imetupa kipimo kizuri, kwani ritifaa (') iliyomo katika neno hilo ndiyo alama inayofunga maandishi katika amri za SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata. Ukurasa ukirudisha kosa la hifadhidata, ni dalili kwamba maneno ya mtumiaji yanachanganywa na amri yenyewe, na mwenye nia mbaya anaweza kuongeza amri zake. Usipoona kosa, usihitimishe kwamba pako salama, maana huenda limefichwa tu. Wapo mafundi wanaotibu tatizo hili kwa kuipiga marufuku ritifaa. Hilo si tiba, na linamnyima Ng'ang'a haki ya kuandika jina lake. Tiba ni amri iliyoandaliwa mapema ikiwa na nafasi za kujazwa, ili kinachoandikwa na mtumiaji kibaki kuwa maandishi matupu.

Kwa kila mwanya andika hatua ulizopita, tarehe na saa, na akaunti uliyotumia, kisha umkabidhi mwenye tovuti kwa njia ya siri, wala si kwenye kundi la WhatsApp. Ukigundua kasoro kwa bahati katika tovuti usiyo na kibali nayo, acha hapohapo, utafute faili la security.txt ambalo baadhi ya tovuti huliweka ili kuonyesha pa kuripoti. Likikosekana, ripoti kwenye kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania kuna TZ-CERT na Kenya kuna KE-CIRT.

Fundi akisema amerekebisha, rudia hatua zilezile kwa akaunti zilezile, halafu ujaribu pia kurasa jirani kama za mikopo na risiti, kwani mara nyingi ukurasa ulioripotiwa hurekebishwa peke yake.