SOMO: Umeme wa sola yako unapotelea wapi? Pima kwanza kabla hujanunua panel nyingine

Habari zenu wakuu. Mi niko huku Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, na leo nataka tuongelee kitu kinachowamalizia watu hela sana huku kwetu. Sola ikianza kuisha chaji mapema mtu anakimbilia dukani kununua panel ya pili au betri mpya, wakati hajapima hata kitu kimoja, anasikiliza tu fundi kasemaje.

Mi mwenyewe mwaka juzi nilibaki kidogo ninunue betri. Nna panel 2 za wati 150 kila moja, betri moja ya gel 200Ah, kontrola (kile kidude kinachosimamia chaji kutoka panel kwenda betri) ya PWM, aina ya kawaida, ya ampea 30 na inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe wa TV. Tulizoea kulala na feni mpaka asubuhi, ikafika mwezi wa 10, lile joto la kabla ya mvua mnalijua wenyewe, feni inazima saa 8 usiku, watoto wanaamka wamelowa jasho wanalia. Fundi akaja akagusagusa waya akasema betri imekufa lete hela. Sikuwa na hela kwa wakati ule, ndo ikaniponya, kwasababu nikaanza kupima mwenyewe na betri ile ile mpaka leo naitumia.

HATUA YA 1: DAFTARI

Tafuta daftari la shule la kurasa 40 na kalamu, lining'inize pale pale kwenye kontrola. Kila siku andika namba tatu tu:

- Volti za betri alfajiri saa 12 kabla jua halijagusa panel. Zima kila kitu usubiri kama nusu saa ndo usome, ukisoma huku feni inazunguka itakudanganya.
- Ampea za juu kabisa zinazoingia kati ya saa 5 na saa 7 mchana, siku ya jua kali. Huku kwetu jua linakaa juu kabisa saa 6 na dakika kadhaa.
- Saa ambayo kontrola inaonyesha betri imejaa.

Pembeni andika hali ya hewa: jua, mawingu, mvua. Basi. Kama kontrola yako ina bluetooth au inveta yako inatuma taarifa kwenye simu ni vizuri, inakuchorea hadi grafu, ila usisubiri mpaka uipate hiyo, kioo kidogo cha kontrola ya kawaida kinatosha. Kama hakionyeshi ampea tafuta klampu mita, ile mita inayobana waya kwa nje, lakini hakikisha inapima DC (umeme wa sola na betri), maana nyingi za bei rahisi zinapima ampea za AC (umeme wa gridi) tu na hutaona kitu.

Kwa betri za gel na za maji, ikiwa imetulia, volti 12.7 imejaa, 12.2 iko kama nusu, ukikuta chini ya 12 kila asubuhi jua unaiua taratibu. Sio lazima leo wala kesho ila itakufa kabla ya muda wake.

Sasa hapa kuna mtego, someni vizuri. Betri ikishajaa kontrola inabana umeme, kwaiyo ukipanda saa 7 ukakuta ampea 2 usiseme panel imeharibika, inawezekana betri imeshiba tu. Kupima panel kwa haki washa vitu vyote, chomeka simu, TV, feni, afu angalia ampea zinapanda mpaka wapi. Panel ya wati 100 ya volti 12 ukipata ampea 4.5 mpaka 5 jua la saa 6 iko sawa, ile 5.5 iliyoandikwa mgongoni ni ya maabara, seli (vile vipande vidogo vinavyounda panel) ikiwa nyuzi 25, na panel iliyoko juu ya bati la Mtwara haiwezi kuwa nyuzi 25 mchana.

Mi kwangu nilitakiwa nione kama ampea 14. Wiki nzima nikawa naandika 10, 10.2, 10.1.

HATUA YA 2: PANDA UANGALIE KWA MACHO

Nikapanda. Kutoka chini panel zilikuwa zinang'aa kabisa, ila ukiwa juu unaona kuna utando wa kijivu unaelekea njano, nikapitisha kidole haukutoka, nikakwangua kwa ukucha ukatoka kama unga ulioganda. Ilikuwa salfa! Majirani wote wana mikorosho na kuanzia mwezi wa 6 hivi mashine zinapuliza salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ule unga unapeperuka na upepo unatua kwenye panel, usiku umande unaulowesha, mchana jua linaukausha, kesho tena hivyo hivyo, na mvua hakuna mpaka mwezi wa 11 au 12. Miezi minne nilikuwa na plasta juu ya panel sijui. Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, wote mnaolala katikati ya mikorosho mnanielewa.

Nikaosha alfajiri kwa maji baridi, sabuni ya maji kidogo sana na kitambaa laini, nikalowesha kwanza nikaacha dakika 10 lainike ndo nikafuta. Usitumie mchanga, majivu, steel waya wala sabuni ya unga, unakwaruza kioo. Na usimwagie maji baridi saa 7 mchana panel ikiwa inaunguza, kioo kinaweza kupasuka. Mchana ule nikasoma 12.4. Kwa ndoo moja ya maji!

Ukiwa huko juu angalia na vivuli. Kuti moja la mnazi likifunika kona ya panel sio kwamba unapoteza kona tu, seli zimefungwa kwa mfululizo kwaiyo zilizofunikwa zinazibana na nyingine, unaweza kupoteza theluthi au nusu ya panel kwa kivuli cha ukubwa wa sahani. Panda saa 3, saa 6 na saa 9, kivuli kinahama.

HATUA YA 3: WAYA

Bado nilikuwa sijafika 14. Nikachukua multimita nikapima kwenye panel nikapata volti 16.3, nikashuka kwenye kontrola nikapata 13.6. Volti 2.7 zinapotelea njiani! Aliyenifungia alitumia waya wa milimita 1.5, ule wa taa, mita 9 kutoka kwenye bati. Nikanunua wa milimita 6, tofauti sasa haifiki volti 1 na ampea zikapanda mpaka 14.1. Pia kaza skrubu zote, na mlioko karibu na bahari, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, angalieni ile kutu ya kijani kwenye shaba, chumvi inakula maungio polepole, kata kipande kilichooza uunge upya.

Ukitaka kufungua waya toa wa panel kwanza ndo utoe wa betri, kurudisha anza na betri umalizie na panel. Na usichomoe plagi za panel wakati umeme unapita, cheche za DC haziishi kirahisi kama za AC, funika panel na kanga nzito au blanketi kwanza.

HATUA YA 4: UELEKEO NA HEWA

Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 10 hivi, kwaiyo panel iangalie kaskazini na ilale kidogo, nyuzi 10 mpaka 15 zinatosha. Ikilala flati kabisa haitakosa sana umeme lakini vumbi na maji vitakaa hapo hapo. Afu usiilaze moja kwa moja kwenye bati, acha nafasi ya kiganja kizima hewa ipite, kwasababu panel ikipata moto inapunguza umeme, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto.

HATUA YA 5: TUMIA MCHANA

Umeme unaopita kwenye betri unapungua njiani, ule unaotumia jua likiwepo unaupata karibu wote. Chaji simu, taa za kuchaji, redio na laptop saa 5 mpaka saa 9, usiku iachie betri kazi ya feni na taa. Na inveta zima kwenye swichi yake ukimaliza TV, yenyewe tu ikikaa bila kazi inaweza kula wati 10 mpaka 20, ukizidisha kwa masaa 10 hiyo ni feni ya usiku kucha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Masasi): Mkuu asante kwa somo. Mi niliuziwa panel kubwa ya wati 250, betri yangu volti 12, kontrola ya bei ya kawaida. Napata ampea 8 tu, nahisi nimepigwa feki.

Jibu: Kaka hesabu seli zake, ukikuta 60 basi huenda panel sio feki. Hiyo inafanya kazi kwenye volti kama 30, kontrola ya PWM inaivuta mpaka volti za betri, kwaiyo 8 mara 13 unapata wati mia na kidogo, nyingine yote inabaki juu ya bati. Tafuta kontrola ya MPPT ya ukweli, yenyewe inabadilisha zile volti za ziada kuwa ampea, utaona 15 na zaidi kwa panel hiyo hiyo. Ila kuwa makini, kuna kontrola zimeandikwa MPPT kwenye boksi na ndani ni PWM. Ipime: ampea zinazoenda kwenye betri zikiwa sawa na zinazotoka kwenye panel, sio MPPT.

Swali (Kilwa Kivinje): Shikamoo mwalimu. Kisima chetu kina maji ya chumvi, naweza kuoshea?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usioshee, yakikauka yanaacha utando mweupe, umetoa vumbi umeweka chumvi. Kinga maji ya mvua uyaweke dumu moja kwa ajili ya hiyo kazi. Na ndugu zangu wa Newala ambao maji ni ya kugombania, amkeni na umande, alfajiri panel inakuwa imelowa yenyewe, kitambaa kimoja chenye unyevu kinatosha, ila fanyeni kila wiki msiache ugande kama mimi.

Swali (Mtwara mjini): Betri yangu jioni inasoma 13.2, nafurahi, saa 5 usiku imezima. Namba zinadanganya?

Jibu: Dada, hiyo 13.2 ni ya juu juu, umeisoma chaji ikiwa bado imetoka kuingia. Washa taa na feni nusu saa kisha soma tena, ikidondoka chini ya 12 wakati kontrola ilisema imejaa mchana, hapo kweli betri imechoka. Ila kama mchana haijawahi kuonyesha imejaa, basi haili vya kutosha, rudi hatua ya 2 na ya 3 kabla hujatoa hela.

Swali (Nachingwea): Nna lithiamu, volti hazibadiliki, ziko 13.2 muda wote hadi izime ghafla.

Jibu: Ndo zilivyo mkuu. Lithiamu volti zake zinakaa karibu pale pale kwa sehemu kubwa ya chaji, huwezi kukisia asilimia kwa volti. Kama betri ina bluetooth tumia programu yake, kama haina funga kimita kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na kontrola iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, sio wa gel.

Swali (Ruangwa): Sina dira na simu yangu ndogo, kaskazini nitaijuaje?

Jibu: Mzee wangu, simika fimbo wima saa 3 asubuhi, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Subiri mpaka saa 4, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Simama mguu wa kushoto kwenye jiwe la kwanza, wa kulia kwenye la pili, hapo mbele yako ni kaskazini, kosa litakuwepo dogo ila kwa panel linatosha kabisa.