Muzee akikosa pumzi: namna ya kumtunza nyumbani, hapa Goma

Natunza wazee nyumbani kwao. Wengi wenye ugonjwa sugu wa mapafu walipikia makala maisha yote, au walivuta tumbaku, au kifua kikuu cha zamani kiliwaachia makovu. Ila kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu kwanza. Msikiite ugonjwa wa uzee kitu chenye dawa ya kukiponya.

1. Toa mbabula (jiko la makala) nje

Nje kabisa, si mlangoni. Makala yakishakuwa mekundu bila moshi, bado yanatoa gesi isiyo na harufu, inayoua. Familia itanuna: "Muzee atakufa na baridi!" Mwongezeeni blanketi.

Sakafu nyunyizia maji kabla ya kufagia, la sivyo vumbi jeusi la volkano litaishia kifuani mwake. Na kama kiwanja chenu kiko bondeni panapotoka mazuku, gesi ya volkano inayoua, usidhani kitanda kilichoinuliwa juu kinatosha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini hasa usiku. Mhamishe muzee.

2. Mfundishe kupumua akiwa mtulivu

Akae, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya meza. Avute kwa pua ukihesabu 2, atoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, ukihesabu 4. Mfanye mazoezi kila asubuhi. Siku pumzi inapokatika hatakusikiliza.

3. Pompi

Ni kile kichupa cha kupulizia dawa ya pumzi. Hapa ndipo dawa nyingi hupotea. Muzee mmoja nilimkuta anajipulizia mdomoni kama manukato. Pompi iliisha upesi, kifua bado kinapiga filimbi.

Ili dawa ifike mapafuni, chukua chupa ya maji ya plastiki, mililita 500. Toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pompi, uingie kwa kubana, pembeni zungushia utepe wa skochi. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki.

Sasa tikisa pompi, ichomeke kitakoni. Muzee atoe pumzi, abane midomo kwenye shingo la chupa. Bonyeza mara 1 tu. Avute na kutoa humo humo, polepole, mara 5 au 6. Kama daktari ameandika mara 2, ngoja dakika 1, tikisa, rudia. Usibonyeze mbili kwa mpigo.

Pompi nyingine ni za kila siku, hata akijisikia vizuri. Zile zenye kotizoni, asukutue mdomo na kutema.

4. Kuoga na kula

Aoge amekaa kwenye kiti. Bugali kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo likijaa sana linasukuma mapafu.

5. Oksijeni

Daktari akiagiza, kiasi chake kiandike ukutani. Usiongeze kwa huruma: kwa wagonjwa hawa lengo mara nyingi ni asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole, na kuzidisha kunaweza kumlaza usingizi mbaya. Moto, mshumaa na sigara viwe mbali. Umeme ukikatika mashine inazima, basi panga mapema utampeleka wapi.

6. Usingoje asubuhi

Midomo ikigeuka bluu, akishindwa kumaliza sentensi, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, au pompi isipomsaidia, nendeni hospitali. Garini akae wima, mwenzako amshikilie mgongo. Usimlaze.