Skonzi za nyama ya kusaga yenye rojo, chakula cha jioni cha nusu saa

Mara ya kwanza kupika hizi, watoto wangu waliishia kula kwa kijiko. Skonzi zililowa chapachapa, upande wa chini ukabaki kwenye sahani, nyama ikaogelea kwenye maji mekundu. Kosa halikuwa la skonzi. Nilikuwa na njaa, nikamwaga nyanya kabla nyama haijakauka maji yake.

Chakula chenyewe asili yake ni Marekani, huko hukiita sloppy joe: nyama ya kusaga kwenye rojo la nyanya, tamu kidogo, chachu kidogo, ndani ya mkate wa mviringo. Nairobi hatukosi kitu.

Kwa watu watano: nyama nusu kilo, vitunguu 2, hoho 1, punje 3 za kitunguu saumu, nyanya 3 zilizoiva (zikwaruze), nyanya nzito ya pakiti vijiko 2, siki kijiko 1, sukari kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, chumvi, dania, na skonzi 8 au 10.

Nyama usichukue ile iliyosagwa tangu asubuhi ikalundikwa kwenye sinia. Mimi hushukia soko la Burma nikitoka kazini, nachagua kipande kisicho na mfupa, chenye mafuta kiasi, kinasagwa nikitazama.

Hatua ya 1. Tumia sufuria pana, si ile ndefu ya githeri. Ipashe moto vizuri, weka kijiko kimoja cha mafuta na nyama yote. Chumvi bado, maana huvuta maji nje. Ponda mabonge kwa mwiko. Nyama itageuka kijivu na kutoa maji. Hapa ndipo wengi tunapokosa subira. Tega sikio. Mwanzo inatokota kama supu, kisha maji yakiisha sauti inabadilika, inaanza kuchacharika. Maji yakiwapo moto hauwezi kuipitisha nyama nyuzi 100, kwa hiyo inachemka tu, haikaangiki. Yakikauka ndipo inapata rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita majirani. Huchukua dakika 8 hadi 10 kwa moto mkali.

Hatua ya 2. Vitunguu na hoho, dakika 4. Saumu mwisho, isije ikaungua.

Hatua ya 3. Nyanya zote, siki, sukari, pilipili manga na chumvi. Punguza moto, acha wazi bila kifuniko kwa dakika 12 hivi. Kujua kama limeiva, pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi ukahesabu moja, mbili, kabla rojo halijarudi, zima gesi. Nyunyiza dania.

Hatua ya 4. Pasua skonzi, paka siagi ndani, zilaze kifudifudi kwenye kikaango dakika moja mpaka ziwe na ganda. Ganda hilo ndilo linalozuia rojo lisipenye. Jaza wakati wa kula, si kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, nyama ya kusaga huoshwa? Mama mkwe wangu hawezi kula nyama isiyooshwa.

Ikishasagwa usiioshe, itafyonza maji na utakesha ukiyakausha. Vijidudu huuawa na moto. Maji huvirushia tu kwenye sinki na vyombo. Ipike mpaka kusibaki pinki hata ndani ya mabonge. Mama akiuliza, mwambie imekaangwa kavu kabisa.

Sina siki, na nina sosi ya nyanya ya chupa tu. Naweza?

Unaweza, ila acha sukari, hiyo sosi imeshatiwa sukari na siki. Mimi nikikosa siki huloweka ukwaju, natia vijiko 2 vya maji yake. Hata sosi ya Worcester ambayo Wamarekani wengi hutia humo ina ukwaju ndani, kwa hiyo hujaharibu kitu.

Mwezi uko kona, nina robo ya nyama na watu sita. Nifanyeje?

Chemsha kamande kikombe kimoja, zichuje vizuri, zitie pamoja na nyanya. Nyama ikaange kavu vilevile. Kwangu walishakula hivyo bila kuuliza.

Ikibaki, inakaa siku ngapi? Nataka kumfungia mtoto ya shule.

Kwenye friji siku 3, na uiweke ikishapoa, usiiache mezani usiku kucha. Asubuhi ichemshe mpaka itoe mvuke, tia kwenye kontena linalohifadhi joto, skonzi zifunge kando, ajaze mwenyewe. Ongeza moja ya ziada. Wangu wa gredi ya 3 hurudi na njaa kila nikimpa mbili, kumbe moja ni ya rafiki yake.