Jinsi ya kujipima kwa swali moja la kifafa cha mimba

Chukua karatasi, kisha soma swali hili mara mbili:

Mama mwenye kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na presha ya juu ya ujauzito) alipewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti saa 4 zilizopita. Presha ni 170/110, anapumua mara 18 kwa dakika, goti linaruka likigongwa. Tangu dozi hiyo, mfuko wa mkojo umekusanya ml 80. Muda wa sindano ya gramu 5 ya takoni umefika. Utafanya nini kwanza?

Kabla ya kujibu, andika masharti ya kutoa dozi inayofuata: apumue si chini ya mara 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usipungue ml 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Gawanya 80 kwa 4, unapata 20. Sitisha dozi, kisha mjulishe daktari.

Wengi hukosea kwa kuona 80 imezidi 30, wakasahau kugawanya. Wengine huvutwa na presha, wakachoma sindano ili ishuke. Magnesiamu kazi yake ni kuzuia degedege. Presha ina dawa zake, kama haidralazini, na mama huyu anazihitaji haraka. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu mwilini. Mkojo ukipungua, dawa inarundikana: goti huacha kuruka kwanza, halafu pumzi hufifia. (Wodini, hakikisha pia mpira wa mkojo haujajikunja wala kuziba.)

Ukishapata jibu, usikimbilie swali lingine. Badilisha kipimo kimoja tu, ujibu upya.

Mkojo ml 160? Ni ml 40 kwa saa; mchome, ukibadilisha tako kila dozi.

Goti haliruki, vingine vyote vizuri? Sitisha. Sharti moja likikosekana linatosha.

Anapumua mara 8? Sitisha, ita msaada, msaidie kupumua kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa mapafuni), na mpe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani ml 10 za asilimia 10, kwenye mshipa polepole. Ampuli yake iwe karibu na kitanda tangu dozi ya kwanza.

Ameshajifungua na degedege limekoma? Usiache dawa. Inaendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye.