Somo: Kusoma rangi za rezista bila kubahatisha

Rezista ni kifaa kidogo kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, na mistari ya rangi mwilini mwake ndiyo inayosema kiasi hicho. Rangi ni za kukariri tu, hakuna ujanja: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kuanzia nyekundu hadi zambarau zimefuatana kama kwenye upinde wa mvua, kwa hiyo kazi ni kushika za mwanzo na za mwisho.

1. Tafuta pa kuanzia. Dhahabu na fedha hazianzi kamwe. Ziweke kulia kwako.

2. Kwenye rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu na wa tatu ni idadi ya sifuri. Njano, zambarau, nyekundu: 4, 7, sifuri mbili, yaani omu 4,700 (omu ni kipimo cha ukinzani). Mstari wa tatu ukiwa wa dhahabu, gawanya kwa 10: njano, zambarau, dhahabu ni omu 4.7.

3. Mstari wa mwisho unaonyesha inaruhusiwa kupungua au kuzidi kiasi gani. Dhahabu ni asilimia 5, fedha 10, kahawia 1. Ile ya 4,700 yenye dhahabu ikipima kati ya 4,465 na 4,935, ni nzima.

4. Yenye mistari mitano ina tarakimu tatu, kisha idadi ya sifuri. Hapa ndipo watu wanapopotea, maana kahawia inaweza kukaa ncha zote mbili. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni omu 10,000. Igeuze, inakuwa 120! Tazama nafasi: mstari wa mwisho mara nyingi umesogezwa mbali kidogo na wenzake. Nafasi zikilingana, usibishane na macho, chukua mita ya kupimia omu.

5. Linganisha na thamani zinazotengenezwa. Za kawaida huanza na 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 au 82. Ukisoma 37, rudi kwenye mwanga mzuri: huenda ni 27, umeona nyekundu ukadhani chungwa.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimekuta yenye mstari mmoja mweusi tu katikati. Nyingine zimefutika?

Jibu: Hapana, hiyo ni ya omu sifuri. Inafanya kazi ya waya, kuvusha umeme juu ya njia nyingine za bodi.

Swali: Nimesoma 4,700, mita inasema 3,100 ikiwa bado kwenye bodi. Imekufa?

Jibu: Usiihukumu bado. Mita inapima na vifaa vingine vilivyoungana nayo sambamba, na hivyo hushusha namba. Zima umeme, subiri kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) ziishe chaji, chomoa mguu mmoja, pima tena. Ingesoma juu sana ya 4,935 ikiwa bodini, hapo ningeanza kuishuku.

Swali: Na iliyoungua je? Rangi zote zimekuwa kahawia.

Jibu: Usiziamini, joto hubadilisha rangi. Kama ni amplifaya ya stirio, chaneli ya kushoto na ya kulia kwa kawaida ni pacha: soma rezista ya upande mzima. Unapobadilisha, wati zisipungue za ile ya zamani. Halafu tafuta kilichoiunguza kabla ya kuwasha, la sivyo na mpya inaondoka.

Swali: Kuna yenye mwili wa kijani, mita inaonyesha karibu sifuri.

Jibu: Yaelekea hiyo ni koili, yaani waya uliozungushwa, ndugu. Rangi zinasomwa vilevile, ila jibu ni mikrohenri, kipimo cha koili, si omu.